Barua ya wazi kwa Mwalimu Mkuu na Bodi: watoto wetu walichagua Maigizo na Filamu, naomba wafundishwe

Kwa Mwalimu Mkuu,
Mwenyekiti na wanachama wote wa Bodi ya Shule,
na wakuu wa elimu wa kaunti ndogo yetu.

Kwa heshima kubwa,

KUH: WANAFUNZI WA GREDI 10 WALIOCHAGUA SOMO LA MAIGIZO NA FILAMU

Mwalimu, wanijua. Mimi ni yule fundi wa nguo wa karibu na soko, miaka sita sasa nawashonea wanafunzi wako maleba ya drama, na mwaka huu nimekuwa pia mzazi wako, binti yangu yuko Gredi 10, mkondo wa Sanaa na Michezo, na somo alilolifuata hapo kwako ni Maigizo na Filamu. Sikutaka kuandika hii barua hadharani manake mambo ya nyumbani huongewa nyumbani, lakini nyumbani nimeyaongea mpaka nimechoka. Mwezi wa pili nilikuja afisini ukanipokea vizuri, ukaniambia mama nipe wiki mbili, nikakupa mwezi mzima. Mwezi wa tatu nikaandika barua nikaileta kwa mkono wangu, karani akaipiga muhuri, kopi ninayo hapa kwa droo ya cherehani. Nikapiga simu mara nne. Mwezi wa tano nikafunga duka nusu siku nikaenda afisi ya elimu, nikaambiwa hayo ni ya shule rudi shuleni, kurudi shuleni nikaambiwa hayo ni ya afisi. Mpaka leo sijajibiwa hata mstari mmoja. Ndio nikaona basi niyaseme mbele ya watu, kwa adabu, lakini niyaseme yote.

Nieleze kidogo tulivyofika hapa, kwa sababu kuna wazazi watasoma hii na watoto wao wako Gredi 8 au 9 na zamu yao inakuja. Hawa wetu ndio kundi la kwanza la mtaala mpya wa Kenya, walifanya KJSEA, ule mtihani wa kumaliza Gredi 9, mwaka jana 2025, na mwezi wa kwanza mwaka huu wakawa wa kwanza kabisa kuingia Sekondari Pevu. Huko kuna mikondo mitatu, STEM yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu, alafu Sayansi za Jamii, alafu Sanaa na Michezo. Kila mtoto ana masomo ya lazima kama Kiingereza, Kiswahili na Hesabu, juu yake anachagua matatu. Na wakati haya yanapangwa tuliambiwa wazi kwamba inatarajiwa kama asilimia 60 ya watoto waende STEM, 25 Sayansi za Jamii na 15 Sanaa na Michezo. Kwa hivyo hawa wa 15 hawakupotea njia wala hawakuachwa na gari, walihesabiwa kwa mpango wa nchi tangu mwanzo.

Mwaka jana wakati wa kuchagua shule binti yangu alikaa na simu yangu juu ya meza ya kukatia nguo, jioni mbili mfululizo, anafungua portali anasoma masomo ya kila shule moja baada ya nyingine. Nilimwambia achague ile shule iliyo karibu na shangazi yake. Akaniambia mama hiyo haina Maigizo na Filamu, hii inayo. "Hii" ndio shule yako Mwalimu. Aliiweka ya kwanza kwa sababu hiyo peke yake, na alipopata nafasi alipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Na niwaambie kitu kingine, binti yangu si muigizaji. Hii nataka Bodi waisikie vizuri kwa sababu nitairudia huko mbele. Mkimsimamisha mbele ya watu atasema mistari yake na atakaa chini, hana kile kipaji cha kufanya ukumbi mzima unyamaze. Yeye jicho lake liko kwingine. Alipokuwa Gredi 7 alinisindikiza hapo shuleni kwako kupeleka maleba, watoto walikuwa wanafanya mazoezi kwa dining, viti vimesukumwa ukutani, na kuna msichana aliigiza mama mzee anayeteka maji. Mimi nilikuwa naangalia kama rangi zinaelewana. Yeye akanivuta mkono akasema mama yule hawezi kupiga magoti na ile sketi, angalia anavyoshuka, anashuka upande kwa sababu nguo inamkamata. Nikaangalia, kweli. Akamuomba yule msichana apige magoti, akapima kutoka kiunoni mpaka sakafuni akiwa amepiga magoti, si akiwa amesimama kama mimi nilivyopima. Tukaifumua sketi hapo hapo tukaitia marinda mawili nyuma. Miaka yote ile nilikuwa napima watu wamesimama, nikasahau kwamba jukwaani watu hulala, huanguka, hukimbia, hubeba wenzao. Mtoto wa miaka 12 ndiye aliyenifundisha. Sasa mtoto kama huyo anataka kusoma jinsi onyesho linavyojengwa, taa, nguo, sauti, kamera, mpangilio wa jukwaa, na kuna somo limewekwa na serikali la kufundisha vitu hivyo, na liko kwa orodha ya shule yako.

Haya ndiyo malalamiko yangu.

1. Somo liko kwa orodha, darasani haliko. Wanafunzi waliokuja na somo hili mwezi wa kwanza walikuwa 14. Binti yangu ana daftari dogo, kila kipindi cha Maigizo na Filamu kilichoandikwa kwa ratiba anaweka tarehe, na kama mwalimu ameingia anaweka tiki. Kuanzia mwezi wa kwanza mpaka mwisho wa mwezi wa tano tiki ziko tisa. Tisa, Mwalimu, tem moja na nusu. Vipindi vingine vyote wameambiwa wasome wenyewe, au mwalimu wa hesabu amechukua kipindi, au wametumwa kupanga viti vya mkutano. Hawana kitabu cha kusoma wenyewe, hawana nakala ya mtaala, hawana chumba, wanakaa kwa dining wapishi wakiosha sufuria.

Na msinielewe vibaya kuhusu yule mwalimu aliyeingia hizo mara tisa. Huyo namheshimu sana. Ni mwalimu wa Kiingereza na fasihi, ana vipindi vyake vimemjaa, na bado anajitolea. Siku moja alichora jukwaa sakafuni kwa chaki, akaweka kiti kimoja katikati, akawaambia kila mmoja aingie akiwa amebeba habari mbaya ya kumpa mtu aliyekaa pale, lakini haruhusiwi kusema neno. Binti yangu alirudia kuingia mara tano. Mara ya kwanza aliingia akilia, mwalimu akamwambia ukilia mlangoni umeshamaliza kila kitu, rudi. Mara ya tano aliingia akasimama mbali na kiti, akaanza kukunja leso, akaikunja, akaikunja, na wenzake wakanyamaza. Alikuja likizo akanionyesha jikoni na kitambaa cha vyombo, na mimi mamake nikajikuta nimeacha kukoroga uji nangoja nijue ni nani amekufa. Dakika 40 za mwalimu mmoja na chaki. Ndio nauliza, kama kipindi kimoja kinaweza kufanya hivo, hivi vingine vyote vilivyopotea vingefanya nini?

2. Watoto wanasukumwa waache somo, na wazazi hawaambiwi. Mwezi wa tatu walianza kuitwa mmoja mmoja afisini waambiwe kuna kombinesheni zingine, Biashara, Historia, zina walimu tayari, afadhali wahame. Kutoka 14 wamebaki 8. Hao sita mimi nawajua wazazi wao, wanne hawakupigiwa simu, walijua mtoto alipokuja nyumbani. Mtoto wa miaka 15 akikalishwa mbele ya watu wazima watatu atasema ndio kwa kila kitu. Hiyo hatuwezi kuita kuchagua.

3. Tamasha la drama limefanywa badala ya somo. Hapa ndipo roho inaniuma zaidi, manake nimekuwa ndani ya hayo matamasha kwa miaka na nayapenda kwa dhati. Tamasha la kitaifa la drama la mashule ni la tangu 1959, ni mali kubwa ya nchi hii, kuna watu wazima leo wanajua kusimama mbele za watu kwa sababu ya kori vesi, yale mashairi ya kusema kwa pamoja jukwaani, walizofanya wakiwa wadogo. Na shule yako Mwalimu imeshinda vikombe, viko pale afisini kwenye kabati la kioo, kila mzazi akiingia anaviona kwanza. Lakini kila nikiuliza habari ya somo naambiwa "sisi drama tunafanya, hata mwaka huu tulifika kaunti." Jamani, hiyo ni klabu.

Tamasha linafanywa tem ya kwanza, zoni, kaunti ndogo, kaunti, rijini, mpaka taifa mwezi wa nne. Mwalimu anatafuta wale ambao tayari wanaweza, wenye sauti, wenye miili inayojua kucheza, anawafundisha mchezo mmoja mpaka waujue kama kuomba dua, mara nyingi mchezo wenyewe umeandikwa na mtu wa nje, wanapanda jukwaani, wanashinda au wanashindwa, na siku inayofuata kila kitu kimekwisha maleba yanawekwa kwa gunia. Hakuna anayeuliza kwa nini mwandishi alimtoa yule mhusika mapema. Hakuna anayejifunza kuandika onyesho lake mwenyewe kutoka karatasi tupu, kupanga bajeti yake, kumwelekeza mwenzake bila kumdhalilisha, kushika kamera, kukata filamu, kutazama onyesho la wengine na kueleza kwa maneno kwa nini limefaulu au limeanguka. Yule asiye na kipaji cha kuigiza hachaguliwi hata kubeba pazia. Somo ni kinyume chake, somo linamchukua kila aliyekuja, linaanza naye chini, linampandisha. Binti yangu hawezi kuchaguliwa kwa tamasha lolote hapa nchini na ndiye mtoto anayelihitaji hili somo kuliko wote ninaowajua.

Na mwaka huu ilikuwa hivi: watoto sita kati ya wale 14 wenye sauti nzuri walichukuliwa kwa mchezo wa tamasha, wakafanya mazoezi mpaka saa tatu usiku, nane wengine hakuna mtu aliyewaangalia. Shule ilipotolewa kwenye kaunti mazoezi yakaisha, na vipindi navyo vikaisha. Daftari la tiki linaonyesha, tiki ya mwisho ni wiki ile ile. Yaani somo lilikuwa linaishi kwa sababu ya kikombe.

4. Pesa. Mwezi wa kwanza kila mzazi wa somo hili aliombwa shilingi 3,500 za "maleba, vipodozi na kamera." Risiti ninayo. Watoto 14 mara 3,500 ni 49,000. Sasa mimi ndiye niliyeshona maleba ya mwaka huu, kushona sikuchukua pesa kwa sababu mtoto ni wangu, na kitambaa kilinunuliwa kwa mchango mwingine wa wazazi wa waigizaji, hiyo najua kwa sababu nilienda nao dukani nikachagua mwenyewe na nikapigana na bei mwenyewe. Kamera watoto hawajaiona. Sisemi kuna mtu amekula pesa, sitamsingizia mtu jambo nisilolijua. Nasema hatujaonyeshwa, na tuna haki ya kuonyeshwa. Najua pia pesa za serikali, zile 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka, haziji zote wala haziji kwa wakati, kila mzazi Kenya hii anajua, na naelewa prinsipo anavyolala na madeni ya unga na maharagwe. Lakini hizi 49,000 zilitoka mikononi mwetu kwa jina la somo hili.

5. Maneno. Kwa paredi watoto wa Sanaa na Michezo wameambiwa na mwalimu mmoja kwamba wao ni "wale STEM iliwakataa." Wenzao sasa wanawaita hivo kwa dining. Mwalimu, binti yangu alikuwa na alama za kutosha kwenda STEM, tena bila kuomba mtu. Lakini hata angekuwa hana, hilo neno lisingefaa kutoka kinywani mwa mwalimu. Mtoto mmoja kati ya wale sita waliohama, mamake ameniambia, hakuhama kwa sababu ya kukosa mwalimu, alihama kwa sababu ya hilo neno.

Najua majibu yatakayokuja, nimeshayasikia nikiwa nimesimama kwenye kizingiti cha afisi, kwa hivyo niyajibu kabisa.

Mtasema hakuna mwalimu wa somo hili aliyeletwa. Ni kweli, na ni tatizo kubwa kuliko shule moja, kwa miaka mingi sekondari zetu hazikuwa na drama kama somo la kujitegemea kwa hivyo walimu wake hawakuandaliwa kwa wingi. Hapo nawaunga mkono, wakuu wa elimu wanapaswa kulibeba hilo na si kumtupia prinsipo. Lakini hapa nchini kuna watu wamesomea haya mambo chuo kikuu, Kenyatta University ina idara yake ya thieta na filamu, wanafunzi wamemaliza wako nyumbani. Bodi imeajiri walimu wa Bodi kwa masomo mengine, fizikia wawili, hesabu mmoja. Kwa nini hili lisiwe hata na mmoja wa nusu wiki? Na shule jirani nayo ina watoto wa somo hili hili na nayo inalia mwalimu. Mwalimu mmoja anaweza kugawana shule mbili, ni mwendo wa dakika 20 kwa pikipiki.

Mtasema hakuna thieta, hakuna taa, hakuna studio. Mwaka 1977 kule Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wakulima na wafanyakazi wa kawaida walijijengea jukwaa la wazi kwa mikono yao, wakafanya mazoezi wao wenyewe, na watu wakaja kutoka mbali kuona. Hawakungoja bajeti. Sisi tuna dining, tuna mwembe mkubwa nyuma ya maabara wenye kivuli cha kutosha watu 100, tuna simu za wazazi zinazopiga video. Mimi nina cherehani na niko tayari kuja kila Ijumaa mchana kuwafundisha kupima, kukata na kufumua nguo za jukwaani, bure, nimeshalisema hilo kwenye barua ya mwezi wa tatu. Kuna baba mmoja hapa ni fundi umeme, amesema atawafundisha taa. Kuna kijana anapiga picha za harusi na kuhariri video, amesema vile vile. Vifaa tutavileta. Ila kuwafundisha mtaala wenyewe hilo hatuwezi, hiyo ni kazi ya mwalimu.

Mtasema wanafunzi ni wachache. Walikuwa 14 mkawafanya 8. Na kama idadi ndogo ilikuwa kizuizi basi somo lisingewekwa kwa portali, au tungeambiwa mwezi wa kwanza wakati wa kuhamisha mtoto bado ulikuwepo.

Mtasema somo halina kazi mbele. Hili wazazi wengi wanaliamini na siwalaumu, kila mtu anamuogopea mtoto wake. Kila ukitaja maigizo watu wanakutajia Lupita Nyong'o na Oscar ya 2014, alafu wanasema ni mmoja kati ya milioni. Sawa, lakini watu husahau kwamba yule alisoma, akaenda mpaka chuo cha drama cha Yale, akakaa darasani miaka mitatu akifundishwa pumzi na sauti na mwili kama vile daktari anavyofundishwa mifupa. Jirani zetu Tanzania wana chuo kizima Bagamoyo cha kazi hii, na kwenye mitihani yao ya kidato cha nne somo hili lipo. Uingereza watoto wanalifanyia mtihani wa A-Level, ule wa mwisho wa sekondari. Wenzetu wanalichukua kama kazi ya kusomewa. Na mimi nawaambia kama fundi, harusi moja ya hapa Pwani ina mpambaji, mshereheshaji, mpiga video, mtu wa sauti, mtu wa taa, mshonaji, na bibi harusi anaingia ukumbini kwa mpangilio kama wa jukwaani. Wote hao wanakula kutokana na kazi ambayo hili somo linafundisha misingi yake, wengi wao walijifunza kwa kubahatisha na kuharibu shughuli za watu kwanza. Miaka 12 nimelisha nyumba yangu kwa sindano, msiniambie kazi za mikono na macho hazilipi.

Jibu la mwisho hamkunipa wazi, lakini niliambiwa kwa sauti ya chini na mtu wa hapo hapo shuleni, kwamba baada ya yale ya Aprili 2025 kule Nakuru, wasichana wa shule walipokwenda kuonyesha mchezo wao na mambo yakaishia kwa polisi na vitoa machozi, wakuu wengi wanaona drama ni moto, afadhali isiguswe. Naielewa hiyo hofu Mwalimu, kweli naielewa, una kazi ya kulinda na familia pia. Hata lile jukwaa la Kamĩrĩĩthũ serikali ya wakati ule ililibomoa 1982, kwa hivyo hofu hii ni ya zamani. Lakini waliotiwa moshi machoni ni watoto, hawakufanya kosa la kuigiza, na sasa tunawaadhibu watoto wengine wa shule nyingine kabisa kwa kuwanyima somo. Mtoto aliyefundishwa vizuri hili somo anajua kupima neno, anajua mchezo unasema nini na unasemea nani, anajua kutetea kila mstari alioandika. Wafundisheni hivyo.

Sasa ninachoomba, na naomba kwa niaba ya wazazi saba wengine waliosoma hii barua kabla sijaitoa na wakakubali:

Kwanza, ndani ya wiki tatu Bodi ikae na iamue mwalimu wa somo hili atatoka wapi, wa Bodi au wa kugawana na shule jirani, na wazazi tuandikiwe jibu. Kuandikiwa, si kuambiwa kwa mlango.

Pili, vipindi vya Maigizo na Filamu viheshimiwe kwa ratiba. Visichukuliwe na somo lingine, na viwe na mahali pake, hata kama ni chini ya mwembe, lakini pajulikane ni pao.

Tatu, hesabu ya 49,000 iletwe kwa mkutano wa wazazi wa mwezi huu, na kama pesa zimetumiwa kwa chakula au deni semeni tu, tutaelewana, lakini tujue zitarudi lini.

Nne, wale sita waliohamishwa waulizwe tena, mbele ya wazazi wao, kama wanataka kurudi. Wasilazimishwe upande wowote.

Tano, lile neno lililosemwa kwa paredi lirekebishwe kwa paredi, mbele ya wale wale waliolisikia.

Na sita, hii ni kwa wakuu wa elimu wa kaunti ndogo. Zungukeni shule zote zilizojiandikisha kufundisha somo hili muulize maswali mawili tu, mwalimu ni nani na mwezi uliopita ameingia darasani mara ngapi. Shule isiyo na jibu itolewe kwa orodha kabla ya Gredi 9 wa mwaka huu kuanza kuchagua. Na kama shule yetu itaonekana haiwezi, basi watoto wetu 8 wasaidiwe kupata nafasi kwenye shule inayofundisha kweli, na wasiambiwe wabadilishe masomo. Kundi hili litafanya mtihani wake wa mwisho Gredi 12 mwaka 2028. Somo hili halisomwi kwa kukariri usiku wa mwisho, ni la kufanya, na kila tem inayopita bila kufanya hairudi.

Nitakuja afisini Ijumaa ya wiki ijayo saa nane mchana, nikiwa na kopi ya barua ya mwezi wa tatu, risiti, na daftari la binti yangu. Nitakuja pia na futi ya kupimia na mita tano za kitambaa cha pamba kwa sababu nimewaahidi wale watoto 8 kwamba siku hiyo, mwalimu awepo asiwepo, watajifunza kupima mtu aliyepiga magoti. Naomba ruhusa yako ya kuwafundisha hapo nyuma ya maabara, na naomba uje uwaone.

Wako kwa heshima,
Mzazi wa Gredi 10, na fundi wa maleba wa shule